Taa ya Mlango Isiyozimika na Kioo Kilichogoma: Tubadilishe, Tusafishe au Tupime?

Kuna hitilafu mbili ndogo zinazowagombanisha wenye magari na mafundi kuliko ukubwa wake unavyostahili. Ya kwanza ni taa ya dashibodi inayodai mlango uko wazi ilhali umefungwa. Ya pili ni kioo cha umeme, pawa windo kama wengi tunavyokiita, kinachogoma kupanda, na kwa kawaida hugundulika siku ya mvua kwa kuwa siku za jua hakuna aliyejali kukipandisha. Injini haina neno, breki zinashika, lakini betri inakutwa imekufa asubuhi, alamu inaamsha mtaa saa nane za usiku, na gari haliwezi kuachwa Kariakoo wala Kirinyaga Road likiwa na kioo nusu.

Anayetafuta ushauri huambulia majibu yanayopingana. Mmoja anasema kitasa kizima kibadilishwe. Wa pili anapuliza dawa kwenye swichi na kudai kazi imekwisha. Wa tatu hagusi kitu mpaka gari lipimwe kwa kompyuta, na wa nne anataka waya wa swichi ukatwe tu mambo yaishe. Kila jibu kati ya hayo limewahi kuponya gari fulani, ndiyo maana hakuna hata moja linaloachwa. Tatizo ni kwamba yote hutolewa kabla ya kujibiwa swali la kwanza: umeme, au habari ya mlango, imepotelea wapi njiani?

Suala hili ni la kwetu zaidi kuliko linavyoonekana. Magari mengi yanayotembea Afrika Mashariki huingia yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Tanzania huyatoza ushuru wa ziada magari makuukuu. Hata penye masharti makali, gari linaanza maisha yake ya pili likiwa tayari limefunguliwa na kufungwa mlango wa dereva maelfu ya mara. Mlango ni sehemu ya gari inayochoka mapema na kukaguliwa mwisho.

Jinsi mlango unavyotoa habari zake

Kwenye magari ya zamani kidogo, hasa ya Kijapani, swichi ya mlango ni kitufe kilichofungwa kwa skrubu kwenye nguzo na kuvikwa raba. Mlango ukifungwa hukibonyeza, ukifunguliwa huchomoza. Mara nyingi kina waya mmoja tu, kwa sababu upande wa pili wa umeme ni bodi lenyewe la gari kupitia ile skrubu. Kikichomoza kinaunganisha waya na bodi hilo, yaani ethi, na taa ya ndani inawaka. Ukiuelewa mpangilio huu unaona mara moja kwa nini kutu kwenye skrubu huifanya taa isiwake kabisa, na kwa nini kitufe kilichokwama kwa vumbi kikiwa ndani hufanya vivyo hivyo, ilhali raba iliyochakaa na kutobonyezwa vizuri huiacha taa ikiwaka usiku kucha.

Magari mengi ya Ulaya ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mengi ya Kijapani yaliyofuata, yameihamishia swichi ndani ya kitasa. Humo kuna ndoana inayozunguka na kukumbatia kishikizo cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo, na swichi ndogo inasoma ndoana hiyo imefika wapi. Ndoana ina hatua mbili za kushika. Katika hatua ya kwanza mlango umeshikwa lakini haujafungwa sawasawa. Katika ya pili umefungwa. Hatua hizo si ubunifu wa kiwanda kimoja: zinatakiwa na kanuni namba 206 ya usalama wa magari ya Marekani na kanuni namba 11 ya Umoja wa Mataifa, ili mlango ambao mtu hakuusukuma vya kutosha usifunguke wote gari likikata kona.

Hapo pana jambo linalosahaulika katika ubishi wote huu: taa inaweza kuwa inasema kweli. Bawaba zilizolegea huushusha mlango. Kishikizo kilichosogezwa wakati wa kunyoosha bodi baada ya ajali huizuia ndoana kufika hatua ya pili. Raba mpya nene ya pembeni hufanya hivyohivyo. Mwaka 2016 Ford ililazimika kuyaita kwa marekebisho magari zaidi ya milioni 2 huko Amerika Kaskazini kwa sababu kijisehemu kinachoshika springi ndani ya kitasa kiliweza kuvunjika, mlango ukashindwa kushika au ukafunguka njiani. Mwenye gari kama hilo aliyekata waya wa taa hakurekebisha chochote, alimnyamazisha shahidi.

Namna ya kutofautisha haihitaji kifaa. Fungua mlango, isukume ndoana kwa bisibisi mpaka isikike imeshika mara mbili, kisha tazama dashibodi. Taa ikizimika, swichi ni nzima na waya nao unafanya kazi, angalau mlango ukiwa wazi. Kwa kawaida kinachokosekana ni mlango kufika, kwa hiyo tazama bawaba, raba na kishikizo. Isipozimika, kosa liko ndani ya kitasa au kwenye waya. (Kabla ya kuufunga mlango vuta mkono wa kufungulia ili ndoana irudi, la sivyo itagonga kishikizo na utakuwa umejitafutia kazi mpya.) Ni jaribio la dakika moja, na inashangaza ni vitasa vingapi hung'olewa bila mtu kulifanya.

Safari ya umeme hadi kwenye kioo

Mota ya kioo ina nyaya mbili. Ukigeuza chanya na hasi, nayo inageuza mwelekeo. Kioo kinapanda au kinashuka. Kwenye magari yasiyo na kompyuta mlangoni, nyaya zote mbili huwa kwenye ethi swichi ikiwa imetulia, na kubonyeza huuhamishia upande mmoja kwenye chanya. Sasa, katika mpangilio uliozoeleka, ethi ya vioo vya abiria hupitia kwenye swichi kuu iliyo mlangoni kwa dereva. Mguso ulioungua ndani ya swichi hiyo unaweza kukiua kioo cha abiria hata abiria anapobonyeza swichi yake mwenyewe. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Inabadilishwa swichi ya abiria, kioo hakitikisiki; inabadilishwa mota, hakitikisiki; kosa liko mlango wa pili ambao hakuna aliyeufungua kwa kuwa kioo cha dereva kinafanya kazi vizuri.

Kile kitufe cha kufungia vioo vya abiria, kilichowekwa kwa ajili ya watoto, kwa kawaida hukata njia hiyohiyo. Kinapobonyezwa kwa bahati mbaya, vioo vitatu hufa kwa pamoja na gari linapelekwa gereji.

Dalili za kioo husema mengi kwa anayezisikiliza. Vioo vyote vikifa pamoja, mota nne haziwezi kuwa zimeungua siku moja: tazama fyuzi, rilei na ethi. Kioo kinachoitikia swichi yake lakini hakiitikii ya dereva kinaelekeza kidole kwenye swichi kuu au waya ulio kati ya swichi hizo mbili. Mota ikisikika inazunguka bila kioo kusogea, mashine ya kioo, ile inayokibeba kupanda na kushuka, ndiyo imekatika kebo au vibanio vyake vya plastiki. Volkswagen Golf ya kizazi cha nne ilijulikana kwa hilo. Kioo kinachopanda kwa shida na kukwama njiani kinaweza kuwa na mota iliyochoka, lakini kwanza angalia raba za pembeni zilizokauka na kujaa mchanga. Kinachokufa baada ya kupandishwa na kushushwa mara nyingi mfululizo, kisha kikafufuka baada ya dakika kadhaa, hakina ugonjwa. Mota nyingi zina kinga ya joto inayokata umeme zikizidiwa.

Kuna dalili moja inayouza swichi nyingi bila sababu. Betri imebadilishwa, na kuanzia siku hiyo kioo cha dereva hakipandi chenyewe kwa kubonyeza mara moja, au kinapanda kisha kinarudi chini, na kwenye Toyota kadhaa taa ndogo ya swichi inamweta. Kompyuta ya kioo imesahau mahali kioo kinapoishia. Kuikumbusha hutakiwa tu kukipandisha kioo hadi mwisho na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Pale hitilafu mbili zinapokutana

Wengi huzichukua kama kesi mbili zisizohusiana. Sivyo. Toyota nyingi huruhusu vioo kufanya kazi kwa muda usiofika dakika moja baada ya ufunguo kuzimwa, na muda huo hukatizwa mlango wa mbele unapofunguliwa. Kompyuta ikiamini kwamba mlango wa dereva uko wazi wakati wote, vioo hufa papo hapo ufunguo unapozimwa, na lawama huiangukia swichi ya vioo. Kwenye magari yenye milango isiyo na fremu juu, kama BMW za milango miwili na Mini, kioo hushuka milimita chache mkono unapovutwa ili kiachane na raba, kisha hupanda mlango ukifungwa. Habari hiyo hutoka kitasani. Swichi ya kitasa ikifa, kioo hugonga raba kila mlango unapofungwa, na fundi asiyejua hilo huenda moja kwa moja kwenye mota.

Betri nayo ni mhanga wa pamoja. Taa ya ndani ya wati 10 kwenye mfumo wa volti 12 huvuta karibu ampia 0.8. Kwa saa kumi na mbili hiyo ni takriban ampia-saa 10, na betri ya gari dogo mara nyingi haifiki ampia-saa 45 hata ikiwa mpya. Usiku mmoja gari litawaka. Likiachwa Ijumaa hadi Jumatatu halitawaka. Hata taa ikiwa imezimwa kwa mkono, kompyuta za gari la kisasa zinazoamini mlango uko wazi zinaweza kukataa kulala, zikaendelea kuvuta umeme mara nyingi zaidi ya miliampia 50 ambazo gari lililolala linatarajiwa kutozizidi. Betri tatu hununuliwa kabla ya mtu kuutilia shaka mlango.

Maji, vumbi na mkunjo wa bawaba

Watu hushangaa kusikia kwamba ndani ya mlango pamekusudiwa kulowa. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo, hupita raba ya juu, huingia ndani na kutokea kwenye matundu yaliyo chini. Kinachovilinda vifaa vya umeme ni karatasi ya plastiki iliyogundishwa kati ya bati na kava la ndani. Fundi wa kwanza kuufungua mlango huichana. Wa pili huitupa. Tangu hapo kila mvua na kila kuosha gari kwa mpira wa presha hupeleka maji karibu na swichi na soketi. Matundu ya chini yakizibwa na tope, mlango unageuka ndoo. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, hewa ya chumvi huongeza kutu ya kijani kwenye miguso ya shaba. Bara, vumbi jekundu huchanganyika na grisi ya kitasa na kuwa unga mgumu unaozuia ndoana na swichi kurudi.

Chanzo cha tatu hakina uhusiano na hali ya hewa. Kati ya nguzo na mlango kuna mpira wenye mikunjo unaopitisha nyaya. Kila mlango unapofunguliwa nyaya hizo hupinda, na baada ya miaka shaba hukatika ndani ya plastiki ambayo kwa nje haina hata mkwaruzo. Mlango wa dereva hutangulia kwa kuwa ndio unaofunguliwa zaidi. Dalili yake ni ya kukera: kioo kinafanya kazi mlango ukiwa nusu wazi na kinakataa ukifungwa, au taa ya mlango huzimika ukiusukuma mlango kwa goti. Anayebonyeza swichi huku mwenzake akiupeleka na kuurudisha mlango taratibu ataliona jambo hilo kabla ya kufungua skrubu yoyote.

Ukiziangalia sababu hizi, kifaa chenyewe mara nyingi ni cha mwisho kulaumiwa. Sasa tuwasikilize wanaotoa tiba.

Hoja ya kubadilisha kipande kizima

Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Viwanda vingi haviuzi swichi ndogo ya kitasa peke yake. Huuza kitasa na swichi yake kikiwa kimefungwa kwa ribiti. Kitasa kilichotumika miaka 15 kina springi iliyochoka na ndoana iliyolika, kwa hiyo kubadilisha swichi tu ni kuacha nusu ya uchakavu ndani. Kazi huisha haraka. Na kwa mashine ya kioo iliyokatika kebo hakuna mjadala: kuunganisha kebo kwa waya wa kufungia ni kuahirisha siku ya kioo kuanguka ndani ya mlango.

Udhaifu wake uko sokoni. Kitasa cha mtumba kinachouzwa Gerezani au Kisekka kimetoka kwenye gari la umri uleule, kwa hiyo mnunuzi hubadilisha uchovu kwa uchovu. Kipya cha bei nafuu kinaweza kuwa na umbo sawa lakini soketi yenye pini tofauti, au swichi inayofanya kazi kinyume: katika baadhi ya magari saketi iliyofungwa maana yake mlango uko wazi, katika mengine maana yake umefungwa. Kisha kuna lile kosa kubwa zaidi, kwamba kama ugonjwa ulikuwa waya kwenye bawaba, kitasa kipya kitaonekana kuponya kwa siku mbili, yaani kwa muda ambao waya uliokatika unagusana baada ya kusukwasukwa, halafu taa itawaka tena. Fundi atasema spea ilikuwa mbovu. Mwuza duka atasema fundi ameiunguza. Wote wawili watalipwa.

Hoja ya kusafisha na kukwepesha

Wanaopuliza dawa wana ushahidi pia. Swichi nyingi zinazogoma zina uchafu, si kuvunjika, na kisafishio cha miguso ya umeme kinachokauka bila kuacha mafuta huweza kuzirudishia uhai kwa miaka. Gharama ni ndogo, hakuna kilichong'olewa kisichoweza kurudishwa. Kwa kitasa cha swichi ya ndani kilichojaa grisi ngumu, kukipuliza na kukifungafunga mara kadhaa ni hatua ya kwanza yenye busara.

Hatari iko kwenye neno "dawa". Mafuta ya kulainisha bawaba na kisafishio cha umeme hukaa kwenye makopo yanayofanana, na gereji nyingi hutumia moja kwa kila kitu. Mwaka 2012 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 7 duniani, yakiwemo Vitz, Corolla, Camry na RAV4, kwa sababu grisi ndani ya swichi kuu ya vioo haikuwa imepakwa sawasawa na swichi ilikuwa ikikwama. Katika tangazo la kuyaita magari hayo kampuni ilionya kwamba vilainishi vya madukani vikipulizwa ndani ya swichi vinaweza kuifanya iyeyuke au itoe moshi, na hata kusababisha moto. Tiba ilikuwa kuifungua swichi, kuikagua na kupaka grisi maalumu. Mwaka 2015 yakaitwa mengine milioni 6.5 kwa tatizo la aina hiyohiyo: grisi haba, unga wa miguso iliyolika, kisha shoti. Aina hizohizo za magari ndizo zinazojaza barabara zetu, na gari lililouzwa nje likiwa mtumba halifuatwi na barua ya kiwanda. Swichi kuu inayobonyezeka kwa kukwaruza, au inayopata joto, haistahili kupulizwa kitu. Ifunguliwe au ibadilishwe. Kusugua miguso kwa msasa nako ni faraja ya muda, kwa kuwa huondoa ganda la madini lililowekwa kuilinda.

Kukwepesha ni jambo jingine kabisa na sioni utetezi wake zaidi ya usiku mmoja wa dharura. Ukikata au kuunganisha waya wa swichi ya mlango ili kompyuta iamini umefungwa, unapoteza onyo la mlango usioshika, unapoteza ulinzi wa alamu kwa mlango huo, na kwenye baadhi ya magari unaivuruga senta loki. Kwa familia yenye watoto kiti cha nyuma, huo ni mkopo wa riba kubwa.

Hoja ya kompyuta

Kwa magari ambayo kila mlango una moduli yake, yaani kompyuta ndogo inayozungumza na nyingine, kama Golf ya kizazi cha tano na nyingi za BMW na Mercedes-Benz, wanaotaka kupima kwanza wako sahihi. Mashine nzuri huonyesha papo hapo kama kompyuta inauona mlango uko wazi au umefungwa, na huweza kuamuru kioo kipande bila kugusa swichi. Kioo kikiitikia amri ya mashine lakini kisiitikie kidole, mota, mashine ya kioo na waya unaokwenda kwenye mota vimeondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa kwa dakika moja.

Ila mashine hiyo si ile ndogo ya bluetooth inayochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Nyingi za hizo zinasoma injini tu. Mlango hauko katika lugha yake. Na hata mashine kamili inapotoa kodi (namba ya hitilafu) ya swichi ya mlango wa dereva, kodi hiyo inataja njia ya umeme, haitaji kifaa kilichoharibika. Waya uliokatika kwenye bawaba na swichi iliyokufa hutoa kodi ileile. Kwa Toyota IST au Vitz ya kwanza, upimaji wa kompyuta kwa tatizo la kioo ni ada isiyo na jibu.

Hoja ya kupima njia ya umeme

Inabaki shule ya mafundi umeme wa zamani: fuata umeme kutoka betri hadi mota, uone unakopotelea. Nguvu yake ni kwamba haikisii. Lakini nayo ina mtego, na wengi wanaojigamba kupima huangukia humo. Mita ya dijitali haivuti mkondo wa maana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya ishirini utaonyesha volti 12 kamili, fundi atatangaza kwamba umeme unafika na mota imekufa. Umeme lazima upimwe ukiwa unafanya kazi. Ama mita iwekwe kwenye soketi ya mota huku swichi ikibonyezwa na mota ikiwa imeunganishwa, ama itumike taa ya testa yenye balbu ya kweli. Balbu ya breki ya wati 21 huvuta karibu ampia 1.75 na hufichua udhaifu ambao mita inauficha. Betri ikiwa na volti 12.6 na mota ikipata 8, zile zilizopotea zimekaa kwenye mguso, ethi au waya, na mota haina hatia. Kwa upande wa hasi fanya hivyohivyo: kati ya ethi ya mota na bodi, mota ikivuta, isionekane zaidi ya sehemu ndogo ya volti.

Tahadhari moja: testa ya balbu isichomwe ovyo kwenye nyaya za moduli, wala isikaribie soketi za njano, rangi ambayo kwa kawaida huashiria mfumo wa mifuko ya hewa.

Udhaifu halisi wa shule hii ni wa kiuchumi. Kutafuta waya uliokatika kunaweza kuchukua saa mbili na kuishia kwenye kiungo cha sentimita tano. Mteja haoni spea mpya, kwa hiyo haoni kwa nini alipe. Fundi naye anajua kwamba akiuza kitasa atapata faida ya dukani na ya kazi, na akitumia akili atapata ya soda. Tunapowalaumu mafundi kwa kubadilisha vitu ovyo, tukumbuke nani amewafundisha kwamba kupima hakulipwi.

Uzani

Nikizilinganisha hoja hizi nne, naona hazishindani kama zinavyodai. Zimepangwa vibaya tu. Kupima kunatangulia, kwa sababu ndiko pekee kunakoweza kusema hoja ipi kati ya nyingine ina haki. Kwa gari lisilo na moduli mlangoni, majaribio ya bure kwanza: bisibisi kwenye ndoana, kitufe cha kufungia vioo, kupeleka na kurudisha mlango huku swichi ikibonyezwa, kisha testa ya balbu. Kwa gari la moduli, kompyuta ianze kuonyesha hali ya mlango, halafu waya upimwe kabla ya kununua. Kusafisha kunafaa kwenye swichi ya kitasa na ile ya nguzo, si kwa kopo lolote kwenye swichi kuu ya vioo. Kubadilisha kuna haki kamili pale kitu cha kimakanika kimevunjika: kebo, ndoana, springi. Na kitasa cha mlango wa dereva kikithibitika kimekufa, tafuta kipya. Mtumba utumike kwenye milango ya nyuma isiyofunguliwa mara nyingi.

Waya wa bawaba ukipatikana umekatika, usiunganishwe kwa risasi katikati ya mkunjo, kwa kuwa risasi huufanya kuwa mgumu na utakatika pembeni yake. Kipande chote cha mkunjo kibadilishwe kwa waya wa nyuzi nyingi laini, viungo vikae ndani ya mlango na ndani ya nguzo. Karatasi ya plastiki irudishwe na igundishwe, na matundu ya chini yazibuliwe. Hayo mawili ya mwisho hayana gharama ya maana, nayo ndiyo huamua kama kazi itadumu zaidi ya msimu mmoja wa masika.

Kwa mwenye gari, ombi ni moja: kabla ya kulipia spea yoyote ya mlango, mwambie fundi akuonyeshe kwa macho umeme unakofika na unakokoma, na umlipe kwa saa hiyo aliyopima hata kama hakubadilisha kitu. Na kama gari lako ni Toyota iliyoundwa kati ya 2005 na 2010, peleka namba ya chesisi kwa wakala au uitafute kwenye tovuti ya kampuni, ujue kama swichi yako ya vioo ni miongoni mwa zilizoitwa.